Sauti Iliyomwita Meneja

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Baba mkwe ametuita wakwe zake wawili, mimi na mwanyumba wangu, yule muuza mbao aliyeoa dada wa mke wangu. Tulimkuta barazani, filimbi shingoni. Alikuwa refa wa mpira miaka yote na hata sasa hali chakula bila filimbi. Akasema magoti yamemshinda, hawezi kulima tena. Shamba la bondeni atampa mmoja wetu: yule atakayemwondoa nguruwe mwitu kabla mahindi hayajakauka.

Shamba la bondeni! Udongo mweusi, kijito pembeni. Nalitamani tangu siku za uchumba. Mke wangu hudai nililitamani shamba kabla ya kumtamani yeye. Uongo mtupu. Niliutangulia uchumba kwa wiki moja tu.

Sasa huyo nguruwe mwenyewe. Hakuna aliyemwona mzima. Mmoja aliona mgongo, mwingine aliona sikio, basi. Kila asubuhi mahindi yanakutwa yamelazwa upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Nyayo zinatoka kichakani kuingia shambani. Za kurudi hazionekani. Mwanyumba akasema zimefutwa na mvua. Mvua haijanyesha mwezi mzima. Nilinyamaza. Sitaki kumsaidia kufikiri.

Yeye ana mbwa watatu wenye makovu usoni. Mimi nina Meneja. Hajatimiza mwaka, anamwogopa jogoo wa jirani, na juzi ametafuna ndara yangu ya kushoto hadi kamba. Nilimpa jina hilo ili na mimi katika maisha haya nipate meneja wa kumwamrisha. Mwanyumba alipomwona alicheka mpaka akashika nguzo. Ataona! Msako ni Jumamosi.

Sheria ya baba mkwe ni moja: kichakani mdomo unauacha nyumbani. Mbwa wanaongozwa kwa mluzi tu, na yeye kwa filimbi yake. Mbwa akiitwa jina hugeuza shingo, na nguruwe anangoja hiyo shingo igeuke. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba, tena, si vizuri kichaka kile kizoee majina. Nikamuuliza ana maana gani. Akapuliza filimbi, kikao kikaisha.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Niliazima kipande cha ngozi ya nguruwe, nikakifunga kamba, nikakiburuta uani ili Meneja akifuate. Alikinusa, akapiga chafya, akaenda kujificha chini ya kitanda. Nikamfuata huko huko kumpa hotuba ya ushujaa. Mke wangu aliingia akaona miguu yangu tu imetokeza. Hakuuliza. Ameshazoea.

Tatizo la pili ni mluzi. Sina jino moja la mbele. Nikipuliza unatoka upepo na mate. Mke wangu alikuwa akienda misakoni na baba yake tangu utoto, anapiga mluzi wa kuamsha mtaa mzima. Akajitolea kunifundisha, au twende naye. Nimekataa. Nifundishwe mluzi na mke wangu, mwanyumba asikie? Thubutu!

Ila kuna jambo moja Meneja analiweza. Sauti yangu. Nikimwita, anakuja mbio hata kama mdomo umejaa chakula. Ndipo akili yangu ilipofunguka. Mimi si fundi redio? Watu si wananiita Mitambo? Ninayo spika ya kutangazia, ile yenye domo la tarumbeta, ninayoikodisha kwenye harusi. Ina kinasa ndani. Ukisema neno, inalirudia na kulirudia mpaka betri iishe. Nikiiweka shambani ielekee kichakani, Meneja atazoea kwamba mimi nipo kila mahali, na nguruwe atachoka kunisikia atahama. Wapi mwanyumba na mambwa yake!

Nimerekodi jioni hii: "Meneja! Njoo! Njoo kwangu, usiogope!" Mwishoni kikohozi changu kimeingia. Nimekiacha. Kinaongeza uzito.

Mke wangu alinikumbusha sheria ya baba yake. Nikamjibu kwamba spika haina ulimi. Akaendelea kumenya viazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi nimesimika mti katikati ya mahindi, spika juu, betri ya pikipiki chini. Nikabonyeza. Lo! Bonde zima lilijaa mimi. "Meneja! Njoo! Njoo kwangu, usiogope! Kho!" Kina mama waliokuwa wakifua kijitoni waliinua vichwa. Meneja alikimbia huku na huku akinitafuta, ingawa nilikuwa nimesimama mbele yake. Mafanikio makubwa. Tukarudi nyumbani kunywa chai.

Alasiri nimekwenda kuichukua. Haipo! Mti haukuvunjika, umelazwa tu chini taratibu, kama unavyomlaza mtoto. Spika hakuna, betri hakuna. Nikajua moja kwa moja ni nani. Nilikwenda kwenye banda la mbao nikiwa nimevimba kwa hasira, nikamwaga yote niliyokuwa nayo kifuani, nikipigia kelele juu ya mlio wa msumeno. Mwanyumba hakusikia kitu. Akazima msumeno, nikaanza upya. Akaapa kwamba hajafika bondeni tangu Jumatatu. Alinuna kweli. Mwizi hanuni vile.

Nimerudi kutazama vizuri. Pembeni ya mti kuna nyayo za nguruwe, kubwa kuliko kiganja changu. Zinaingia shambani. Za kutoka, kama kawaida, hakuna.

Nikiwa nimeinama, nimesikia. Kwa mbali, ndani kabisa ya kichaka: "Meneja! Njoo!" Mwili ulinisisimka. Halafu nikacheka. Bila shaka! Nguruwe ameburuta vyote, spika pamoja na betri. Betri yenyewe ni kuukuu, kufika kesho itakuwa imekata roho. Nina haki ya kuwa mtulivu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kuandika sawasawa. Nitaandika hivyo hivyo.

Tangu jana sauti imenikauka kwa sababu ya kelele nilizopiga bandani. Leo asubuhi imetoweka kabisa, ninatoa pumzi tu. Mke wangu alinipa maji ya moto na kumshukuru Mungu waziwazi.

Ukungu ulikuwa umelala bondeni. Baba mkwe alikuja na kaptura yake ya urefa na soksi hadi magotini. Mwanyumba na mbwa wake watatu. Mimi na Meneja, shingoni nimemvisha kola niliyoikata kwenye tairi, jino la nguruwe lisipenye. Alipendeza. Alitembea kifua mbele, mwanangu, akijikwaa kwenye majani.

Tukafika ukingoni mwa kichaka. Baba mkwe akapuliza mara moja, ndefu. Mbwa wa mwanyumba wakachomoka. Walipofika kwenye majani ya kwanza wakasimama. Wakaketi chini, wote watatu, kama wanasubiri kuruhusiwa. Mwanyumba akapiga mluzi. Hawakugeuka.

Ndani ikasikika: "Meneja! Njoo! Njoo kwangu, usiogope!"

Baba mkwe akanigeukia. Akachomoa kadi ya njano mfukoni akaninyooshea usoni. Kusema ovyo kichakani! Nikamwonyesha kwa kidole mdomo wangu uliofungwa. Nikamwonyesha kichaka. Taratibu kadi ikarudi mfukoni. Betri ile ilikuwa ni ya kufa jana.

Meneja alikuwa amesimamisha masikio. Mkia ukaanza kucheza. Alinipita bila hata kuniangalia, kwa ile furaha yake ya kila jioni nikirudi kazini. Nikapiga mluzi: upepo na mate. Nikafungua kinywa nimwite: pumzi tupu. Nikarusha mikono kama mwehu. Aliingia. Majani yakajifunga nyuma yake.

Tulisubiri kelele. Mbwa akikutana na nguruwe hukosi mlio, wa huyu au wa yule. Hapakuwa na chochote. Hata ndege walinyamaza. Halafu kikohozi, "Kho!", cha mtu aliyeridhika.

Baba mkwe akapuliza mara mbili, fupi: kurudi nyuma. Mbwa wa mwanyumba walirudi mbio wakitupita. Meneja hakurudi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda ukingoni mwa kichaka na bakuli lake. Sina sauti bado. Shamba sasa sitaki hata kulifikiria. Namtaka Meneja. Nimelia, naandika kama ilivyo, nimelia mchana kweupe na kamasi zikanitoka.

Mke wangu ameniletea chai ya chupa. Hakusema kwamba aliniambia. Afadhali angesema. Akaketi kando yangu, tukasikiliza.

Ile sauti haiiti tena kwa nguvu. Inaongea chini chini. Nilitega sikio, nikatamani nisingetega. "Kula polepole, mwanangu. Hakuna atakayekunyang'anya." Ndivyo ninavyomwambia Meneja ninapompa chakula jikoni, mlango umefungwa, watu wasinicheke. Hayo sikuyarekodi.

Nikamtazama mke wangu. Nikamnong'oneza kwamba pengine niliyarekodi nikasahau. Alinishika mkono.

Jumanne, 12 Agosti

Mwanyumba amekuja asubuhi, ameshika kitu kwenye gunia. Betri yangu! Ameiokota shambani, chini ya mahindi yaliyolazwa, hatua chache tu kutoka kwenye ule mti. Waya umekatika tangu Alhamisi. Haikuwahi kufika kichakani. Alisimama mlangoni akisubiri nilielewe jambo hilo. Uso wake ulikuwa umepauka kama mbao zake.

Nililielewa. Lakini pia, niseme ukweli, nilifurahi kupata betri yangu.

Mwanyumba akasema anaogopa, ila yuko tayari tuingie wawili. Nikamshuku papo hapo. Anataka ionekane yeye ndiye aliyemwokoa mbwa, kisha apewe shamba! Nikamwandikia kwa mkaa ukutani: ASANTE, HAPANA. Mke wangu amekasirika kwa ajili ya ukuta.

Mchana jua likiwa utosini nimepiga moyo konde nikaingia peke yangu. Panga mkononi, ndara moja ya kulia mguuni, mguu mwingine umevaa kiatu. Ndani kuna njia, safi, imekanyagwa vizuri, pana kuliko uchochoro wetu. Hakuna nzi. Harufu ya udongo uliofukuliwa. Nilitembea nikihesabu dhambi zangu, nyingi zilikuwa za kuuza redio mbovu.

Njia ikaishia kwenye uwazi. Majani yote yamelazwa upande mmoja, yakizunguka, na katikati ndiyo spika yangu. Imesimamishwa wima, domo juu, waya umekunjwa kando. Mbele yake amelala Meneja. Hana jeraha! Amenenepa. Kola imevuliwa, haikukatwa, imewekwa chini kando yake. Pembeni yake palikuwa na alama ya mwili mkubwa uliokuwa umelala hapo. Nikagusa majani. Yalikuwa na joto.

Meneja alinitazama kama mtu anayekufananisha na mtu anayemjua. Mkia haukucheza.

Nyuma ya matete, karibu sana, sauti yangu ikasema: "Meneja. Njoo."

Akainuka. Nilifungua mdomo, nikatoa pumzi. Kifua kikanibana, nikakohoa. "Kho!" Nyuma ya matete kikohozi kikajibu. "Kho!" Kizuri kuliko changu. Meneja akanitazama, akatazama matete. Akatazama matete, akanitazama. Akapiga hatua kwenda kule.

Sijui nani aliniambia. Nilivua ndara, mwenzake wa ile aliyoila, nikamnyooshea. Yule ana sauti yangu, maneno yangu ya jikoni anayajua, sawa. Ndara hana! Meneja alisimama. Pua ikacheza. Kisha akanijia mbio, akaing'ata ndara, akatingisha kichwa, na mkia wake ukacheza mpaka makalio. Nikamkumbatia na udenda wake wote.

Mtu mwenye akili angetoka hapo hapo. Lakini spika ile ina harusi mwezi huu. Nikaitwaa, Meneja kwapa hili, spika kwapa lile, kola nikaiacha. Nyuma yetu kitu kikaanza kutufuata. Hakikukimbia. Kilitembea kwa mwendo wangu, mguu mmoja ukikanyaga kwa uzito wa kiatu na mwingine ukisikika mtupu. Sikugeuza shingo. Sheria ya baba mkwe nimeielewa hatimaye.

Tulipotoka kwenye jua, mke wangu alikuwa ukingoni na mwanyumba. Akapiga mluzi mmoja, mkali. Ndani ya kichaka hatua zikasimama.

Ijumaa, 15 Agosti

Ushindi! Nguruwe hajaingia shambani tangu Jumanne. Mahindi yamesimama wima. Baba mkwe ametuita tena, akatangaza kwamba shamba la bondeni ni langu, akapuliza filimbi ya mwisho wa mchezo. Mwanyumba akanipongeza haraka haraka, akaondoka kabla sijapata nafasi ya kumringia. Mtu huyu hajui kushindwa kwa utaratibu.

Sauti imenirudia pia. Leo asubuhi nilimwita Meneja kutoka mlangoni. Akasimama uani. Aligeuza kichwa kwanza kuelekea bondeni, akasikiliza, ndipo akaja. Amefanya hivyo kila mara. Bado ni mtoto, atazoea.

Mke wangu naye. Nilirudi kutoka dukani nikabisha hodi, akaniambia nipite kwanza dirishani nionyeshe uso. Nikaonyesha. Akasema nionyeshe na pengo. Nikaonyesha na pengo. Ndipo akafungua.

Shambani kwangu panatisha kidogo. Ukipalilia, unajisikia ukizungumza nyuma ya matete. Mara sauti inaita, mara inajisemesha mambo ya ukali wa mama mkwe na bei za spika. Kina mama wamehamia upande wa juu wa kijito. Jana ilisema, vizuri kabisa, kitu nilichokuwa ndiyo kwanza nakiwaza.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikuiwaza mapema. Kosa halikuwa spika. Kosa lilikuwa sauti. Sauti yangu ni ya upole, inaita, inabembeleza, kichaka lazima kiipende. Panatakiwa sauti ya kufukuza.

Mama mkwe! Hakuna kiumbe kinachostahimili mama mkwe akikasirika. Nilimwendea jana, nikamwomba arekodi. Alisita, nikamwambia mtambo utalivumisha jina lake bonde zima, akakubali. "Toka! Toka hapo! Rudi ulikotoka!" Tuliijaribu uani. Meneja aliingia chini ya kitanda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavaa viatu kabla sijagundua kwamba ni spika.

Mke wangu amesema nikiipeleka bondeni yeye ataenda kwa dada yake. Nikamweleza kwa utulivu kwamba safari hii waya nimeufunga kwa mafundo mawili. Ameondoka na sufuria kubwa.

Mchana nimeisimika palepale kwenye ule mti. Betri chini, nimeikalia ili isiguswe. Meneja miguuni pangu, ndara mdomoni. Nikabonyeza. "Toka! Toka hapo! Rudi ulikotoka!" Bonde lilitetemeka. Kichaka kikanyamaza kimya. Nikangoja, nikaona nimeshinda, nikaizima, nikachomoa waya mmoja kuokoa betri.

Ndipo sauti yangu, kule ndani, ikasema kwa heshima zote: "Shikamoo, mama."

Meneja akaacha ndara ianguke. Mkia ukaanza kucheza.

Na spika, juu ya mti, waya ukining'inia mkononi mwangu, ikajibu: "Marahaba, mwanangu."

Nimekaa nikilitafakari jibu hilo mpaka jua limeteremka. Hilo sikulirekodi. Lakini tazama jinsi lilivyosikika! Safi, bila mkwaruzo hata kidogo, tena bila betri! Mtambo gani wa namna hii umewahi kuonekana? Mwanyumba akisikia atapasuka kwa wivu. Kesho asubuhi namrekodi baba mkwe.